Asante dada uliyekaa na mdogo wangu kwenye tamasha la filamu

Jamani naomba nimshukuru hadharani dada mmoja wa kujitolea kwenye lile tamasha la filamu za watu wenye ulemavu, jina sikulipata. Mdogo wangu haoni, na hedifoni za maelezo ya sauti, zile zinazomwambia asiyeona kinachoonekana kwenye filamu, zikagoma filamu imeshaanza. Yule dada hakuishia kutupa pole, alivuta kiti akakaa pembeni yake akawa anamnong'oneza kinachoonekana, tena anasubiri wahusika wanyamaze ndo aseme, "mama kageuka, kashika barua, hajaifungua", hivyo hivyo mpaka mwisho. Mdogo wangu akalia pale pale ukumbi mzima ulipolia. Halafu yule dada akamuuliza mdogo wangu mwenyewe kaionaje filamu, hakuniuliza mimi, hiyo ndo imenigusa zaidi. Dada, Mungu akubariki sana. Na nyie mnaoandaa maonyesho, wekeni mtu kama huyu karibu, mitambo huwa inagoma.