YAH: TAIRI KIPARA NA KAULI YA KONDAKTA WENU

Kwa Meneja,

Salaam. Kwa heshima zote, naandika kuhusu basi lenu la Mbeya–Dar la Jumamosi iliyopita. Masharti yenu mnayajua, mmeyachapa wenyewe nyuma ya tiketi.

Tuliposimama Mafinga kula, nililiona tairi la mbele kushoto. Kashata, yaani yale meno ya mpira yanayoshika barabara, zimekwisha, na ukingo wa ndani nyuzi za chuma zinachungulia. Nikamwita kondakta kwa adabu, nikamwonyesha. Akacheka, akapaza sauti abiria wote wasikie: "Mama, kama roho yako ya dhahabu, shuka ukapande ndege." Kisha akafungua buti, akatoa mfuko wangu wa mchele, akaubwaga topeni.

Tairi la mbele, jamani! Mafundi wenu wanavijua vile vituta vidogo vilivyo ndani ya mifereji ya tairi: kashata ikibaki milimita 1.6, ikalingana navyo, tairi halifai tena. Kwenye lenu hata mifereji yenyewe sikuiona. Na mvua ilikuwa inanyesha. Maji yakikosa pa kupita, tairi linaelea juu yake, dereva anakanyaga breki na gari linazidi kwenda. Ndivyo tulivyoteremka mlima Kitonga: basi likaserereka kwenye kona, korongo upande wa pili, lori mbele yetu, watu wanalia. Tairi lilikuja kupasuka huko chini, Ruaha Mbuyuni, kwa rehema za Mungu mwendo ukiwa mdogo. Jioni nikapiga simu ofisini kwenu, nikajibiwa eti tairi ni "bahati mbaya". Bahati mbaya gani inayoonekana tangu Mafinga?

Narudia la Mafinga, maana ndilo linaloniuma. Nilimwonyesha nyuzi kwa kidole. Hata kuinama atazame hakuinama, mikono mfukoni. "Roho yako ya dhahabu," mbele ya mkwe wangu! Mchele wa Kyela, kwenye tope, nami nauinua peke yangu huku dereva ananipigia honi niharakishe.

Naomba nirudishiwe nauli na nilipwe mchele wangu. Tena nauli haitoshi: kondakta aniombe radhi kwa maandishi, na basi hilo lisitoke stendi mpaka libadilishwe matairi. Nawapa siku 7. Zikipita, picha za tairi hilo zitafika LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, na kwa trafiki, na kama ni mahakamani twende. Namba ya gari inasomeka vizuri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Abiria wa kiti B3