Barua ya wazi kwa wakimbiaji wa alfajiri waliovuka hamsini

Wadogo zangu,

Nawasoma kila asubuhi kwenye kundi letu la simu, mnakoripoti mbio zenu. Chai haijachemka, simu imeshalia mara kumi na nne: kilomita 12, kilomita 15, picha ya saa ya mkononi, emoji za moto, "hongera mkuu". Inakwenda hivyo wiki mbili tatu, halafu mmoja ananyamaza. Baadaye tunasikia kigimbi kimevutika, au kisigino hakikanyagiki mtu akishuka kitandani. Sina ugomvi na kuandikiana kila siku. Mtu anayejua kuna wenzake wanaongoja habari yake huamka hata kama usiku kucha mvua ilinyesha, na dawa ya namna hiyo haiuzwi duka lolote. Ugomvi wangu ni mnachokipongeza. Mnasifu umbali, basi kila mtu anatafuta umbali, na aliyekimbia dakika thelathini taratibu anaona aibu kuandika.

Turudi kwenye kipimo mnachokijua tangu shule ya msingi. Kwenye mchakamchaka mwimbishaji hutoa, mstari mzima unaitikia. Hakuna aliyekuwa na saa ya kuhesabu mapigo ya moyo. Ukishindwa kuitikia, mwendo umekuzidi. Kipimo hicho hakijachakaa. Kuna pumzi ya kuimba, ambayo unaitikia kiitikio kizima bila kukatika. Kuna pumzi ya kuongea: sentensi inatoka, wimbo hautoki. Na kuna pumzi ya neno moja moja. Katika kila dakika mia za wiki, themanini ziwe za kuimba. Ishirini zilizobaki zigawane hizo nyingine mbili.

Sababu si woga. Moyo na mapafu huzoea mazoezi ndani ya wiki chache; kano na mifupa huchukua miezi, na umri ukisonga miezi hiyo huongezeka. Ndiyo maana wiki ya sita ni ya hatari kuliko ya kwanza: pumzi inakuambia nenda, kano ya kisigino bado iko nyuma.

Kwa wenye saa za mapigo, kanuni ya 220 toa umri inampa mtu wa miaka 60 mapigo 160 kwa dakika kuwa kikomo chake. Ile ya 208 toa umri mara 0.7 inampa 166. Zote mbili ni wastani tu, na mtu mmoja mmoja anaweza kupishana nao kwa mapigo 10 au zaidi, juu au chini. Anayetumia dawa za presha na moyo kama atenolol, bisoprolol au carvedilol ndiye asihangaike kabisa na namba hizo, maana dawa yenyewe kazi yake ni kuzuia mapigo yasipande. Aimbe.

Anayedhani mwendo wa pole ni wa wazembe amtazame Ed Whitlock wa Canada. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia marathoni mjini Toronto kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Mazoezi yake mengi yalikuwa kuzunguka makaburi yaliyo karibu na nyumbani kwake, hadi saa tatu kwa mkupuo, taratibu kabisa. Kasi aliipata kwenye mashindano mafupi.

Sasa ripoti. Napendekeza mstari mmoja wenye mambo manne: dakika, pumzi, maumivu, usingizi. Kwa mfano: "Dakika 40, kuimba, kigimbi cha kushoto 2, usingizi saa 6." Maumivu yapimwe kuanzia 0 hadi 10. Mpaka 3, endelea. Ikiwa 4 au 5, punguza dakika kwa nusu na uache mlima. Kuanzia 6, au maumivu yoyote yanayokufanya uchechemee, simama hapo hapo, panda bajaji urudi nyumbani. Kipimo cha pili ni kesho yake, hatua kumi za kwanza kutoka kitandani. Zikiuma kuliko jana, basi jana ulizidisha, hata kama ulijisikia vizuri barabarani.

Anayeandika "leo nimepumzika" apigiwe makofi kama wengine. Anayeandika 4 siku tatu mfululizo aambiwe akae, na asijitetee kwa jina la Akhwari. John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 goti likiwa limefungwa bandeji, naye alikuwa na miaka 30, na ile ilikuwa Olimpiki. Wewe una miaka 58 na leo ni Jumanne.

Atakayekuwa kimya siku tatu apigiwe simu. Emoji haimfikii mtu aliyelala na homa. Na kuhusu homa: kabla hujainuka kitandani, shika mshipa wa kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa sekunde 60. Fanya hivyo wiki nzima uijue kawaida yako. Yakizidi kawaida hiyo kwa 8 au 10 siku mbili mfululizo, mwili una jambo lake, pengine usingizi haba, pengine malaria au dengi iko njiani. Mwenye homa hakimbii hata dakika tano, kwa sababu baadhi ya virusi hushambulia msuli wa moyo.

Nikae kidogo kwenye kigimbi, maana kwa rika lenu ndiko watu wanakoangukia. Goti linasingiziwa mengi. Zoezi ni hili. Simama ukingoni mwa ngazi au baraza kwa nusu ya mbele ya unyayo, shika ukuta. Panda kwa miguu yote miwili, inua mmoja, shuka kwa ule uliobaki ukihesabu mpaka tatu, hadi kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 15, seti 3, goti limenyooka. Kisha seti 3 nyingine goti limekunjwa kidogo, kwa sababu msuli wa ndani wa kigimbi hubeba mzigo zaidi goti likiwa limekunjwa. Alfredson, daktari wa Sweden aliyeupa umaarufu utaratibu huu mwaka 1998, aliwapa wagonjwa wa kano mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Asiyeumwa siku tatu kwa wiki zinamtosha. Ikiwa rahisi, vaa begi mgongoni lenye mfuko wa sembe wa kilo 5.

Watu huharibu hapa kwa namna tatu. Wanashuka kwa kudondoka badala ya kujizuia, na kule kujizuia ndiko kunakoijenga kano. Wanaacha wiki ya pili maumivu yakipungua. Na wanaoumwa pale chini kabisa, kano inapoungana na mfupa wa kisigino, wanashuka chini ya ukingo kama wengine. Hao wafanye sakafuni, kwa kuwa kushuka sana huibana kano dhidi ya mfupa. Kigimbi kilichovimba, chenye joto, hasa baada ya safari ndefu ya basi, kisikandwe kwa mafuta wala maji moto. Huenda ni damu iliyoganda. Hospitali, siku hiyo hiyo.

Jambo jingine ambalo duka la dawa halitakuambia: siprofloksasini, ile siprofu mnayonunua mkisikia taifodi au mkojo unachoma, inaweza kuidhoofisha kano ya kisigino mpaka ikakatika, na hatari ni kubwa zaidi kwa aliyevuka miaka 60 au anayetumia dawa za jamii ya prednisolone. Daktari akikuandikia, mwambie unakimbia. Mazoezi ya mbio yasimame, na kano ikianza kuuma mrudie mara moja.

Diklofenaki kabla ya mbio ndefu nayo iacheni. Inaficha maumivu mliyokubaliana kuyaripoti, na mwili uliopungukiwa maji pamoja na vidonge vya presha vya kukojoza huziweka figo mahali pabaya. Wa presha apime asubuhi. Ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, leo si ya kukimbia, ni ya kliniki. Wa sukari anayetumia insulini au glibenclamide asianze kukimbia kipimo kikisoma chini ya 5 (mmol/L). Ale kwanza ndizi mbivu au kipande cha mkate, na mfukoni awe na pipi za sukari halisi. Metformin peke yake ni nadra kushusha sukari kiasi hicho. Na kifua kikibana, maumivu yakipanda tayani au kushuka mkononi, au ukihisi kuzimia, hakuna ripoti ya kuandika. Wenzako wakupeleke hospitali.

Mpango wa wiki hauhitaji maneno mengi. Jumanne dakika 40 za kuimba. Alhamisi dakika 10 za kuimba, kisha dakika 1 ya kasi na dakika 2 za kutembea, mara 8, umalizie na 10 za pole. Jumamosi dakika 60, Jumapili 40 mkichanganya kutembea. Mbio ndefu isizidi theluthi ya dakika za wiki. Ongezeni dakika 10 kwa wiki, wiki tatu, ya nne mpunguze theluthi. Huo ndio mpango wote.

Joto la Dar es Salaam kuanzia Novemba hadi Machi ni habari nyingine. Hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka badala ya kukauka mwilini, na jasho lisilokauka halipozi. Anzeni saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mwendo ule ule wa pumzi ya kuimba utakuwa wa pole kuliko wa Julai. Mkubali. Kujua unapoteza maji kiasi gani, jipime uzito kabla na baada. Ukianza na kilo 68.0, ukarudi na 66.8, na njiani ulikunywa nusu lita, jasho lako ni kama lita 1.7. Usilirudishe lote kwa mkupuo, na usinywe kabla hujasikia kiu kwa kuogopa tu. Maji mengi kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, na hilo nalo huua. Chini ya saa moja, maji matupu yanatosha. Zaidi ya hapo, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Madafu ni matamu lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo hayarudishi chumvi iliyotoka kwa jasho, na mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Raba za mtumba sizipingi. Ila soli ya chini isikudanganye. Kinachokufa kwanza ni sponji ya katikati. Bonyeza kwa kidole gumba pembeni mwa kisigino: ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi iliyolala, imekwisha. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Iliyoegemea upande mmoja ilizoea mguu wa mtu mwingine. Pindisha mbele usikilize gundi. Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba, ubakishe nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Iandike kwenye daftari tarehe uliyoianza, na kuanzia kilomita 500 uanze kuishuku.

Mnaojiandaa kwenda Moshi mwishoni mwa Februari kwa marathoni ya Kilimanjaro, mnaogopa mlima wa kupanda kuelekea Mweka. Mimi nawahofia kwa kushuka. Kupanda kunamaliza pumzi, na pumzi inarudi. Kushuka kunachana nyuzi za misuli ya mapaja, kwa sababu msuli unavutwa huku unajikaza, na mtu aliyezoea barabara tambarare za Masaki na ufukweni hajawahi kuufundisha hivyo. Wiki sita kabla, nendeni Mlimani chuo kikuu au Pugu mara moja kwa wiki badala ya kasi ya Alhamisi. Pandeni mkitembea, shukeni mkikimbia dakika 2, hatua fupi fupi na za haraka, mguu ukitua chini ya mwili na si mbele yake. Mara 4 wiki ya kwanza, mwishoni mara 8. Mapaja yatauma siku mbili baada ya mara ya kwanza. Ya pili yatauma kidogo. Ya mwisho iwe siku 14 kabla ya safari.

Gizani kimbieni upande wa kulia wa barabara mkiyatazama magari, riflekta kifuani, sikio moja bila spika. Bodaboda isiyo na taa huisikii ukiwa umeziba yote mawili.

Jumamosi hii tuanze na badiliko moja. Mwimbishaji asikae mbele. Akae mwisho kabisa, pamoja na mwenye mwendo wa pole kuliko wote, na yeye ndiye atakayechagua kasi ya wimbo. Wa mbele mkiona sauti inapotea, mmekwenda mbali: geukeni, mrudi mpaka nyuma yake, kisha muanze tena naye. Saa kumi na moja na nusu, pale pale.

Mzee mwenzenu