Loji za mbugani zituandikie Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye loji za mbugani, mameneja wao, na maofisa wa Wizara ya Maliasili na Utalii wanaozikagua na kuzipanga katika madaraja ya nyota. Jambo langu ni moja, wala halihitaji bajeti kubwa: mgeni anayelala katika loji iliyo ndani ya hifadhi ya Tanzania akute humo maandishi ya Kiswahili.

Aprili iliyopita, katika likizo fupi ya shule, familia yetu ilitimiza ahadi iliyokuwa ikingoja kwa miaka mitatu. Tulikuwa sita: mama yetu, dada zangu wawili ambao ni wauguzi, mke wangu, binti yetu wa darasa la sita, na mimi. Fedha tulizichanga kidogo kidogo, na masika tuliyachagua kwa makusudi, kwa sababu Aprili na Mei ndiyo miezi ambayo wageni wa nje hupungua, baadhi ya kambi hufungwa kabisa, na loji zinazobaki wazi hushusha bei hadi mahali ambapo mwalimu na wauguzi wawili wakijibana wanaweza kufika. Bei tulitajiwa kwa shilingi, kama kanuni za Machi 2025 kuhusu matumizi ya fedha za kigeni zinavyotaka, na getini tulilipa kiingilio cha raia, ambacho ni kidogo mno ukilinganisha na makumi ya dola anayotozwa mgeni wa nje. Tulilala Tarangire, kisha ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kisha mara mbili Serengeti. Vitanda vilikuwa safi, maji ya moto yalikuwapo, na wahudumu walikuwa watu wa adabu. Kwa hayo yote nawashukuru kwa moyo, na lawama nitakayoitoa hapa chini siielekezi kwa kijana yeyote aliyetubebea mabegi.

Mama alizaliwa katika kijiji cha milimani Uluguru mwaka 1951, mwaka uleule Serengeti ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Shule hakwenda. Kusoma alijifunza akiwa tayari ana watoto, katika madarasa ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970, jioni, akitoka shamba, na tangu hapo hakuna maandishi ya Kiswahili yanayompita bila kuyasoma: gazeti hili, vibandiko vya dawa, hata karatasi iliyofungiwa vitumbua. Ndani ya gari hakupata shida yoyote, kwa kuwa dereva wetu alikuwa mwongozaji wa miaka mingi na alimjibu kila swali kwa lugha yake. Tarangire alimshauri avue kitenge chake cha bluu kwa sababu mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Ndani ya kreta mama aliuliza kwa nini ameona tembo, nyati, simba na hata faru mweusi kwa mbali, lakini hajaona twiga hata mmoja, naye akamweleza kwamba twiga hawaishi humo, kwa kuwa kuta za kreta ni za mteremko mkali kwa miguu yao mirefu na miti wanayoipenda ni michache kule chini. Mama alizishika habari hizo neno kwa neno, na hadi leo anawasimulia majirani.

Shida ilianza kila gari lilipozimwa.

Loji ya Ngorongoro iko juu ya ukingo, mahali palipo zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa masika huko ni wa baridi ya kweli. Wahudumu, kwa wema wao, huingiza chupa ya mpira yenye maji ya moto chini ya blanketi wakati wageni wakila chakula cha jioni. Mama alipoingia kitandani gizani mguu wake ukagusa kitu laini chenye joto, akajirusha chini akipiga kelele kwamba kuna mnyama. Ana umri wa zaidi ya miaka 70, na magoti yake si ya kurukia sakafuni. Juu ya mto kulikuwa na kadi ndogo inayomtakia usiku mwema na kumweleza habari za ile chupa. Aliiona, akaichukua, akaigeuza pande zote mbili. Ilikuwa ya Kiingereza.

Serengeti ndiko kulikotokea jambo lililonisukuma kuandika barua hii. Loji tuliyolala haina uzio, kama zilivyo nyingi ndani ya hifadhi, na wanyama hupita kati ya nyumba za wageni usiku kucha. Tulipofika, mapokezi walitueleza kanuni harakaharaka, Kiingereza kikichanganywa na Kiswahili, mama akiwa ameketi pembeni anakunywa juisi. Mezani chumbani mwake kulikuwa na jalada la ngozi lenye kanuni zilezile kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Nilipaswa kumsomea, nalikubali kosa langu. Saa tano usiku akasikia kitu kinang'oa na kutafuna nyasi nje ya dirisha, sauti ileile ya ng'ombe aliyoizoea utotoni, akafungua mlango na kutoka barazani. Nyati dume alikuwa amesimama hatua zisizozidi kumi kutoka ngazi. Nyati wa peke yake ni miongoni mwa wanyama wa hatari kuliko wote kukutana nao kwa miguu. Askari wa loji aliyekuwa akizunguka aliwasha tochi, akasema kwa sauti ya chini: "Mama, rudi ndani, taratibu, usikimbie." Mama akarudi kinyumenyume, akafunga mlango, akaketi kitandani mpaka alfajiri.

Asubuhi nilifungua lile jalada. Mstari wa tatu ulisema mgeni asitoke chumbani baada ya giza bila kusindikizwa na askari, na kwamba apige simu mapokezi akitaka kwenda popote. Mama angeusoma mstari huo mara mbili, kama anavyosoma kila kitu, na mlango usingefunguliwa.

Yako pia madogo, na sitayachukulia nafasi kubwa. Orodha ya vyakula ilikuwa na supu ambayo mke wangu alitutafsiria kuwa ni ya ndizi na nyama, mama akaikataa kwa kuwa hakuijua. Ilipoletwa kwenye meza ya jirani tukaona ni mtori, chakula ambacho dada yangu mkubwa, aliyeolewa Machame, humpikia kila akimtembelea. Mtori umepikwa na mpishi wa Kilimanjaro, umebebwa na mhudumu wa Karatu, umeandikwa kwa lugha ambayo mwenye hamu nao hawezi kuusoma.

Usiku wa pili kulikuwa na mazungumzo kuhusu msafara wa nyumbu. Wageni hatukuzidi 20, na kwa kuwa ilikuwa masika, karibu nusu yetu tulikuwa Watanzania. Kijana aliyetoa mazungumzo hayo, mhitimu wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, kile kilichoanzishwa mwaka 1963 chini ya Mlima Kilimanjaro, alizungumza Kiingereza kizuri kwa nusu saa huku mama akitazama picha. Yalipokwisha nilimfuata, nikamwomba amweleze mama kwa kifupi. Aliniambia kwa unyofu kwamba somo lile alifundishwa kwa Kiingereza, amelitoa kwa Kiingereza kila wiki, na hajawahi kuombwa alitoe kwa Kiswahili. Kisha akavuta kiti.

Alichomweleza mama kwa robo saa ni mambo ambayo mimi mwenyewe, niliyeyasikia nusu saa kabla yake kwa Kiingereza, niliyaelewa vizuri zaidi safari hii. Alisema nyumbu huzidi milioni moja, na kila mwaka huzunguka kufuata mvua na nyasi. Kati ya Januari na Machi huzalia kusini, kwenye nyanda za Ndutu, na sababu yake iko ardhini: milima ya volkano ya upande wa Ngorongoro ilimwaga majivu juu ya nyanda zile, majivu yakawa udongo wenye madini mengi lakini wenye tabaka gumu chini yake, ndiyo maana miti haistawi na nyasi hubaki fupi. Nyasi hizo fupi zina madini ya kujenga mifupa na maziwa. Mama akamkatiza: "Kwa hiyo ni kama uji wa mzazi." Kijana akasema ndiyo, mama, ni uji wa mzazi hasa, na kuanzia siku hiyo ndivyo atakavyowaeleza wengine. Akaendelea kueleza kwamba nyanda zikikauka huanza kupanda kuelekea magharibi na kaskazini, na kati ya Julai na Septemba huvuka Mto Mara, ambako mamba huwasubiri. Dada zangu waliacha simu zao. Familia moja kutoka Mwanza, iliyokuwa tayari imesimama iende kulala, ikarudi kuketi.

Najua jibu ambalo wenye loji hulitoa, kwa sababu meneja mmoja alinipa, kwa heshima: wageni wengi ni wa nje, na Mtanzania mwenye uwezo wa kulala loji anajua Kiingereza. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili inasahau kwamba Mtanzania huyo akipata nafasi hiyo huja na mama yake, na baba mkwe wake, na mtoto aliye shule ya msingi. Inasahau pia mgeni kutoka Mombasa, Bujumbura au Bukavu. Na hata ile nusu ya kwanza ina historia yake. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa nje zaidi ya 1,500,000. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO ulipofunga viwanja vya ndege duniani, hawakufika 650,000. Loji nyingi zilizima taa na kuwarudisha vijana makwao. Wakati ule tuliombwa sisi wananchi twende tukatembelee hifadhi zetu. Ombi lilikuwa la haki, lakini anayemwita mtu nyumbani kwake humwandalia pa kukaa, na mahali pa kukaa ni pamoja na karatasi inayomwambia usiku usitoke nje.

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko kule Arusha kwamba tutawatunza wanyamapori ili wajukuu wa watoto wetu wapate kuurithi urithi huo. Mama alikuwa na miaka kumi. Binti yangu, aliyekuwa amesimama kwenye kiti cha Landkruza kichwa kikiwa nje ya paa, ni mjukuu wa mtoto yule wa miaka kumi. Wote wawili ndio waliotajwa, na lugha inayowaunganisha ni hii ninayoiandikia.

Naomba mambo matatu tu. Kanuni za usalama ziwe kwa Kiswahili katika kila chumba, na mkaguzi wa nyota aziulize kama anavyouliza mtungi wa kuzimia moto. Orodha ya vyakula iwe na majina yetu kwa vyakula vyetu. Na mazungumzo ya jioni yatolewe kwa Kiswahili pia katika miezi ya masika, wakati ambao sisi ndio tunaojaza viti. Vijana wa kuyatoa wapo tayari, wanachongoja ni kuambiwa.

La kwanza nimekwisha kulianza mwenyewe. Asubuhi ya kuondoka niliomba karatasi mapokezi, tukaandika pamoja na yule askari wa usiku, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kinachotokea nje, mama akisoma kila mstari na kuturekebisha palipokuwa pagumu. Ilikuwa hivi:

"Karibu sana. Loji hii haina uzio na wanyama hupita karibu na chumba chako usiku na mchana. Giza likiingia usitoke nje, hata barazani, hata ukisikia sauti unayoifahamu. Ukitaka kwenda popote piga simu mapokezi, askari atakuja kukuchukua. Ukikutana na mnyama usikimbie wala usimmulike usoni. Rudi nyuma taratibu, ingia ndani, funga mlango. Usiache chakula chumbani wala dirisha wazi, nyani wataingia. Ukihisi kitu cha moto kitandani ni chupa ya maji, tumekuwekea upate joto."

Sentensi ya mwisho aliidai mama, ingawa loji ile ya Serengeti haiweki chupa. Meneja aliipokea karatasi na kusema ataifikisha ofisi kuu Arusha. Nakala ninayo, imepigwa chapa, na loji yoyote itakayoitaka nitaituma bila malipo kupitia ofisi ya gazeti hili.

Mwalimu wa sekondari,
Morogoro