Madoa meupe kwenye picha ya ubongo si "uzee tu"

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu majibu ya MRI, ile picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, ambayo familia nyingi hurudi nayo nyumbani bila kuyaelewa: kwamba sehemu nyeupe ya ubongo wa mzee ina madoa. Wengine huambiwa ni uzee tu, bahasha ikapandishwa juu ya kabati na mambo yakaishia hapo. Wengine wakisikia "ugonjwa wa ubongo" huanza kunong'ona kama wako msibani. Wote wamekosea.

Sehemu nyeupe ni nyuzi zinazounganisha maeneo ya ubongo, na weupe wake unatokana na mafuta yanayozifunika. Damu hufika huko kwa vishipa vyembamba na virefu, ambavyo kimoja kikiziba, jirani yake hawezi kusaidia sana. Ni kama nyumba ya mwisho kwenye laini ya bomba: maji yakipungua, ndiyo ya kwanza kukauka. Shinikizo la damu likikaa juu miaka mingi, kuta za vishipa hivyo hunenepa, tundu likabana, nyuzi zikakosa chakula kidogo kidogo; zilizoumia ndizo huonekana kama madoa. Kisukari na sigara huongeza kasi.

Dalili za madoa haya hazifanani na za usahaulifu wa Alzheimer. Mwendo hutangulia: hatua fupi, nyayo kana kwamba zimenatishwa sakafuni, na akitaka kugeuka anapiga hatua tano au sita pale alipozoea mbili. Mikono lakini bado inarushwa, tofauti na mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Mkojo humjia ghafla. Akili haipotei, inachelewa; mkumbushe kidogo na jina la mgeni wa jana litarudi. Kinachomshinda ni kazi ya hatua nyingi, kama kutuma pesa kwa simu, ingawa namba ya siri anaijua vizuri.

Kwenye ripoti huenda ukaona neno Fazekas, kipimo cha wingi wa madoa, na namba 0 hadi 3. Namba 1 ni vidoa vya hapa na pale, vya kawaida kwa aliyevuka miaka 60. Namba 2, madoa yameanza kuungana. Namba 3 yameungana na kuwa mabaka makubwa, na hapo hatari ya kiharusi, kuanguka na kupoteza uwezo wa kufikiri hupanda. Ila madoa kwa kijana wa miaka 30 ni habari nyingine: daktari atafute VVU, upungufu wa vitamini B12, magonjwa ya kinga au ya kurithi.

Lililoharibika halirudi, lakini kasi hupunguzwa. Katika utafiti wa SPRINT MIND wa Marekani, uliotoa matokeo mwaka 2019, watu wa miaka 50 na kuendelea waliolengwa namba ya juu ya presha ishuke chini ya 120 waliongezeka madoa kwa sentimita za ujazo 0.92 katika takriban miaka 4. Waliolengwa chini ya 140, 1.45. Lengo la mzee wako apange daktari, kwa sababu wengine hawawezi kubeba 120. Mpime akiwa amekaa, kisha dakika 1 na 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, mwambie daktari kabla dawa hazijaongezwa, maana nyonga iliyovunjika nayo ni balaa.

Vipimo vya nyumbani navyo hupotoshwa ovyo. Kwanza akojoe, akae dakika 5 ameegemea kiti, miguu sakafuni bila kukunja nne, mkanda juu ya ngozi na si juu ya shati, mkono mezani usawa wa moyo, wala asizungumze. Kahawa na sigara viwe vimeachwa nusu saa kabla. Pima mara 2 asubuhi na mara 2 jioni, kwa siku 7, uandike zote. Wastani wa 135/85 kwenda juu ni presha. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo kwenye mkate na vidonge vya mchuzi.

Aspirini ya kununua dukani kwa sababu ya madoa peke yake, bila historia ya kiharusi au ugonjwa wa moyo, iacheni. Inaweza kusababisha kuvuja damu kwenye tumbo au ubongo. Na vidonge vya presha visikatizwe eti mgonjwa "anajisikia vizuri". Siku ya kliniki, lile daftari la vipimo liende pamoja na bahasha ya MRI.

Daktari msomaji wenu,
Morogoro