Barua ya wazi kwa vijana wanaopanga tamasha la njia ya misafara

Wajukuu zangu wa Bagamoyo, Mpwapwa na Tabora,

Asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo kwa wanaoitikia hivyo.

Andiko lenu nimelisoma lote, pamoja na bajeti. Ile video ya gwaride la watembeaji wa Damascus mliyonionyesha kwenye simu nimeirudia pia, nikacheka peke yangu: watu wazima na ndevu zao wanapita barabara kuu, na wenyeji waliojipanga kando wanawapiga kwa maputo ya maji, nao wanarudisha. Mnataka na sisi tuwe na siku kama hiyo kwenye njia ya zamani ya Bagamoyo hadi Ujiji. Niko pamoja nanyi. Ila nyinyi mmeliona gwaride mkadhani ndipo mambo yalipoanzia, na bajeti yenu yote imejengwa juu ya dhana hiyo.

Damascus ni mji mdogo wa Virginia, Marekani, jirani na mpaka wa Tennessee. Wakazi wake hawafiki elfu moja. Mwishoni mwa karne ya 19 jenerali mmoja wa zamani, John Imboden, aliamini milima ile imejaa chuma, akaupa mji jina la Dameski ya Shamu iliyosifika kwa panga zake. Chuma hakikutosha. Watu wakageukia mbao, reli ikafika mwaka 1900, misitu ikakatwa hadi ikaisha. Kilichobaki ni mji wa aina mnayoijua wenyewe, ule ambao kijana akimaliza shule anaulizia basi linaondoka saa ngapi. Treni ya mwisho ilipita mwaka 1977.

Lakini kulikuwa na njia ya miguu. Benton MacKaye alitoa wazo lake mwaka 1921, watu wa kujitolea wakaichonga milimani, ikakamilika mwaka 1937: Njia ya Appalachia, kutoka Georgia hadi Maine, majimbo 14, kama kilomita 3,500. Haipiti pembeni ya Damascus. Inaingia mjini na kufuata barabara kuu, mbele ya milango ya maduka. Mtu wa kwanza kutangaza kwamba ameitembea yote kwa mkupuo mmoja alikuwa Earl Shaffer, mwaka 1948, na kwa muda mrefu waliomfuata walikuwa wachache. Miaka ya 1970 wakaanza kuongezeka. Wanafika mjini wamekonda, wananuka, wana malengelenge, wanataka chakula na mahali pa kulaza ubavu. Kanisa la Wamethodisti lilikuwa na nyumba yake, likawafungulia walale kwenye vitanda vya mbao, na mtu akiondoka anaacha sadaka kidogo. Hakukuwa na jukwaa wala spika. Mwaka 1987, njia ilipotimiza miaka 50, mji ukafanya sherehe ya kuadhimisha, ikaitwa Trail Days, Siku za Njia. Kufikia hapo wenyeji walishazoea kuwapokea watembeaji, na watembeaji walishalijua jina la mji kabla hawajaufikia. Sherehe ilikuta ukaribisho umeshakaa.

Hilo ndilo ninalotaka mlielewe kuliko mengine yote. Na mkilielewa mtaona hata tarehe yao haikuchaguliwa mezani. Wanaotaka kumaliza njia nzima huanza Georgia mwezi Machi au Aprili, na kutoka huko hadi Damascus ni kama kilomita 750. Kwa hiyo katikati ya Mei wengi wanakuwa hapo au karibu na hapo. Aliyetangulia anaomba lifti kurudi nyuma, aliyechelewa anaomba lifti kwenda mbele. Waliotembea miaka iliyopita nao wanarudi, wanaandamana kwa makundi chini ya bango la mwaka wao. Watengenezaji wa mabegi na mahema huja kushona na kubadilisha vilivyoharibika bila malipo. Uwanja mzima unageuka mji wa mahema. Leo wanafika watu zaidi ya elfu 20 kwenye mji wa watu mia kadhaa. (Nimetafuta kwenye bajeti yenu mstari wa vyoo, sikuuona. Fulana nimeziona.)

Sasa nyinyi mmeandika Mei. Kwa nini Mei? Kwa sababu wao ni Mei. Huku kwetu masika yanakuwa bado hayajaondoka vizuri. Ruvu imejaa, na tambarare ya Mkata kule upande wa Kilosa inameza miguu. Stanley mwaka 1871 aliipita wakati wa mvua akaondoka na manung'uniko ya kujaza kurasa. Wapagazi wetu walijua kalenda yao. Wanyamwezi walishuka pwani kiangazi na walitaka kuwahi kurudi kulima mvua zikianza. Basi fuateni kalenda hiyo, Julai hadi Septemba, mkiangalia pia mwezi wa Ramadhani umeangukia wapi mwaka huo. Na habari ya kumwagiana maji iishie Bagamoyo. Ukifika Ugogoni mwezi wa Septemba ukamwaga ndoo ya maji barabarani kwa furaha, mama aliyeamka alfajiri kuyafuata hatacheka na wewe.

Kuna jambo zito zaidi. Njia ya Appalachia ilichongwa kwa ajili ya kutembea na kupumua. Yetu ilikuwa njia ya kazi, na ya machozi pia. Wengi waliopita na mizigo walikuwa watu huru wa mshahara: Mnyamwezi mwenye frasila mbili za pembe za ndovu begani, zaidi ya kilo 30, mbele yake kirangozi, kiongozi wa msafara, na bendera na ngoma, na kijana aliyekuwa hajawahi kufika pwani alionekana bado mtoto. Hao wasifuni, wavalieni, waimbieni. Lakini kwenye njia hiyo hiyo waliswagwa mateka. Katika ratiba yenu mmeweka igizo la watoto wa shule waliofungwa minyororo, saa nane mchana, kati ya mashindano ya kula maembe na bongo fleva. Liondoeni. Sisemi muifiche historia. Nasema mnyororo usiwe burudani. Tengeni asubuhi moja, kabla ya ngoma yoyote, watu watembee kimya kutoka Caravanserai, ile nyumba ya zamani ya kufikia misafara, hadi ufukweni, na anayejua kusimulia asimulie bila kipaza sauti.

Kama mnataka mwendo wa kujivunia mbele ya watoto, mnao. Livingstone alifariki mwezi Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Susi na Chuma, na wenzao, wanaume kwa wanawake, waliubeba mwili wake wakapita Tabora, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Mnara wa misheni ulipolazwa mwili huo mnaupita kila siku. Mzungu anatajwa sana. Miguu iliyombeba haitajwi vya kutosha. Anzeni na hiyo miguu.

Nimefikiria pia habari ya reli. Kule Damascus treni ilipokufa, tuta lake likageuzwa njia ya baiskeli na miguu, Virginia Creeper, zaidi ya kilomita 50 kutoka Abingdon hadi Whitetop, ikawaongezea wageni. Kwetu ilikuwa kinyume: Wajerumani walipoifikisha Reli ya Kati Kigoma mwaka 1914, upagazi wa njia ile ulikwisha maana yake. Kwa hiyo sisi hatuna watembeaji wanaopita leo wanaohitaji sherehe. Lazima tuwapate kwanza. Kuandaa gwaride la watembeaji ambao hawapo ni kupika pilau ya wageni ambao hujawaalika.

Kwa hiyo msinipeleke Ujiji mwaka wa kwanza. Ni kilomita 1,200 na zaidi. Chukueni kipande kimoja, Bagamoyo hadi Ruvu, mkitembee nyinyi wenyewe, hata mkiwa kumi tu. Kila mahali pa kulala mzungumze na mwenyekiti wa kijiji, na imamu, na paroko kama yupo: nani atatoa uwanja, choo kiko wapi, maji yanatoka wapi, mama lishe gani atapika na atalipwa kiasi gani, siku hiyo hiyo, mkononi. Posho ya msafara haikukopwa, na mpagazi asiyepata posho alitua mzigo akaondoka. Mwaka wa pili waalikeni wengine. Wenyeji wakianza kuuliza mbona mwaka huu mmechelewa, hapo ndipo mfikirie jukwaa.

Halafu suala la mgeni rasmi. Naona mmetenga saa mbili za hotuba. Watu wametembea juani, malengelenge yamepasuka, mnawasimamisha wasubiri msafara wa magari? Damascus wageni rasmi ni wale wenye mabegi. Kiongozi akitaka kuja mkaribisheni kwa heshima zote, aanze kwa kutembea nao hata kilomita tano, atapigiwa makofi ya kweli.

Septemba 2024 kimbunga Helene kiliifurikisha Damascus na kubomoa madaraja ya ile njia ya Creeper kuelekea Whitetop. Mei iliyofuata Siku za Njia zilifanyika, na watembeaji walikuja. Tamasha linalotegemea mfadhili mmoja wa vinywaji lisingevuka mwaka kama ule.

Mchango wangu nimeshautenga. Nitautoa mkiniletea karatasi moja tu, yenye majina ya vijiji vya kulala kati ya Bagamoyo na Ruvu, jina la mwenyeji wa kila kijiji na saini yake. Ileteni kabla ya mwisho wa mwezi, jioni baada ya magharibi, maana mchana siku hizi sipo nyumbani.

Babu yenu,
Bagamoyo