Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Vijana Wanaojitolea Maktabani

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana mliofika, karibuni sana.

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina. Bati lililokuwa likivuja limebadilishwa. Muda wangu uliobaki nauweka kwa vijana wetu, kwa sababu mwaka huu wao ndio walioibeba maktaba hii ya Busia, Uganda.

Nianze na kosa letu. Likizo ya Mei tuliwapokea kwa shangwe, kisha tukawapa ufagio na ndoo. Haikupita wiki mbili, wengi wakapotea. Mzazi mmoja aliniambia usoni kwamba mwanawe hakuja hapa kuwa kibarua wa bure. Alisema kweli. Likizo iliyofuata tukageuza utaratibu: kila kijana akakabidhiwa kazi yake, ambayo siku asipokuja pengo linaonekana.

Binti mmoja wa S.2, yaani mwaka wa pili wa sekondari, alipewa vitabu vilivyochanika. Nilimkuta na kitabu cha sayansi kilichobanduka mgongo. Alipaka gundi kwa brashi nyembamba, akalaza ukanda wa kitambaa, akakibana kwa mpira wa baiskeli, halafu akaandika kwenye kikaratasi: “Kisifunguliwe hadi kesho.” Mnajua bei ya vitabu vya kiada. Kila anachokirudisha rafuni ametuokolea pesa ambayo hatuna.

Wengine walipanga rafu kwa namba za Dewey, ambapo kila somo lina namba yake. Vitabu vya kilimo vilikuwa vimetapakaa kila kona. Sasa vyote viko kwenye namba 630, na mkulima anayetaka habari za mihogo au kuku anaelekezwa na mtoto wa miaka 14 bila kupekua chumba kizima.

Lakini kinachonifurahisha zaidi ni Jumamosi asubuhi, saa za hadithi. Kijana wa S.3 huketi mkekani na kusoma kwa Kiswahili. Akiona watoto wamenyamaza kwa kutoelewa, hurudia kwa Lusamia, na mwenzake huongeza Ateso. Baada ya hapo huwauliza maswali kwa Kiswahili tena, nao hujibu wakigombania zamu. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Uganda. Hapa kwetu kazi ya kuieneza lugha hiyo inafanyika mkekani, na wanaoifanya hawajamaliza hata sekondari.

Masharti tuliyowekeana naomba yabaki: barua ya mzazi, saa zisizozidi tatu kwa siku, na mtu mzima awepo muda wote. Mtahiniwa wa UCE, mtihani wa taifa wa S.4, apumzishwe muhula wa tatu. Tena, kijana anapomsaidia mzee kujaza fomu kwenye simu, namba ya siri aibonyeze mzee mwenyewe. Hili nalisisitiza kwa kuwa linamlinda mzee na kijana pia.

Kuna jambo la kujadili leo. Maktaba ya jamii ya Kitengesa, karibu na Masaka, ilianza mwaka 1999 na sanduku la vitabu, ikafika mahali pa kuwapa wanafunzi wa sekondari kazi maktabani na kuwasaidia karo. Sisi uwezo huo hatuna, na sitaki kuahidi hewa. Tunachoweza ni chai na maandazi siku za zamu, pamoja na barua yenye mhuri inayotaja kazi aliyoifanya kijana na muda aliojitolea. Barua ya kusema tu “alikuwa mtiifu” haimsaidii anapotafuta nafasi ya chuo au kazi.

Waliomaliza S.4 sasa wako nyumbani wakisubiri matokeo, na baadhi yao wameshaniuliza kama wanaweza kuja siku za kazi pia. Nimewajibu kwamba mlango hatuwezi kuufungua bila mtu mzima. Karatasi ya zamu za watu wazima iko mezani kwa katibu. Jumamosi zina majina. Jumanne na Alhamisi bado ziko wazi.