Risala ya Walinzi Shirikishi kwa Mgeni Rasmi, Kufunga Mafunzo, Manispaa ya Tabora

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Tabora, Mstahiki Meya, Mkuu wa Polisi wa Wilaya, waheshimiwa madiwani, wakaguzi wa polisi wa kata, wenyeviti wa mitaa, mabibi na mabwana.

Sisi wahitimu wa mafunzo ya ulinzi shirikishi tunakushukuru kwa kukubali kuja kutufungia mafunzo haya. Risala yetu inahusu wizi wa mali mjini kwetu, na imesimama juu ya jambo moja: mali inayoibiwa mara nyingi haina alama, kwa hiyo hata ikikamatwa hairudi kwa mwenyewe.

Mheshimiwa, mitaani tunaulizwa kila siku kama wizi umeongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 226,999 katika manispaa, na ya 2022 ikahesabu 308,741, ongezeko la asilimia 36. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, matukio yaliyoripotiwa kwa mwaka yalikuwa 100 na sasa ni 130. Kijiweni watasema wizi umezidi, kumbe kwa kila watu 100,000 umeshuka kutoka 44 hadi 42. Lakini hesabu hiyo nayo ina tundu. Aliyeibiwa simu huenda kituoni kwa sababu bila namba ya RB, yaani kumbukumbu ya taarifa yake polisi, atapata shida. Aliyeibiwa koki mbili na kuku haendi. Daftari la polisi kwa hiyo hujaa simu na pikipiki, na koki, kuku na nondo hubaki kwenye manung'uniko.

Mji unapopanuka, wizi huhamia kwenye ujenzi. Nyumba iliyofika kwenye linta na kusimama miezi sita ikisubiri fedha ndiyo duka la mwizi. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 11. Ikikatwa vipande vitatu, kila kimoja hakifiki kilo nne, na baiskeli moja inabeba mzigo wa usiku mzima. Nyaya za umeme hung'olewa kwenye mabomba ya ukutani kabla fundi hajafunga swichi, kisha huchomwa ili plastiki iondoke ibaki shaba. Harufu ya plastiki inayoungua usiku nyuma ya nyumba ni dalili ambayo kila mlinzi wa doria anapaswa kuijua. Mita za maji nazo huibiwa kwa ajili ya shaba nyeupe iliyomo.

Kwa nyumba zinazokaliwa, kosa kubwa liko mlangoni. Komeo hufungwa kwa skrubu fupi kwa nje, mwizi anaweka mtaimbo mdogo na kuling'oa zima zima, kufuli likiwa limefungwa vizuri kabisa. Tumia bolti inayopenya mbao, nati ikazwe kwa ndani. Nondo za dirisha zichomekwe ukutani walau sentimita 10, zisipigiliwe kwenye fremu. Nyumba ya tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo hutobolewa kwa kumwagia maji kwenye kiungio na kuchokonoa. Anayeweza, apige lipu ya saruji upande wa nje, angalau kutoka msingi hadi usawa wa dirisha. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua hupiga bati kwa kelele hata msumeno usisikike, na ndipo doria nyingi hukaa ndani kukwepa kulowa. Makoti ya mvua, Mheshimiwa, yangefaa kuliko filimbi za ziada.

Nyumba iliyoibiwa mara moja hurudiwa, aghalabu ndani ya wiki chache, kwa kuwa mwizi keshajua njia na anajua kuwa televisheni nyingine itanunuliwa. Baada ya tukio, doria ipite hapo kwa mwezi mzima, kwa saa zinazobadilika. Doria ya saa saba kamili kila usiku hujulikana hata kwa watoto.

Simu ikiibiwa, la kwanza ni kufunga laini kwa kupiga 100 kupitia simu ya jirani yenye laini ya mtandao uleule, kabla ya kuitafuta simu yenyewe, maana laini ikihamishiwa simu nyingine hela za mtandaoni zinaweza kuondoka. Kisha RB, kisha kuomba IMEI ifungwe. IMEI ni namba ya utambulisho wa simu, tarakimu 15 zinazotokea ukibonyeza *#06#. Iandikwe leo, simu ikiwa bado mkononi. Kwa pikipiki, piga picha namba ya chesesi na ya injini, usitegemee kibao cha namba kinachofunguliwa kwa spana. Swichi ya siri ya kukata umeme wa plagi ni bora kuliko kufuli la usukani, ambalo huvunjwa kwa kulisukuma kwa nguvu.

Mheshimiwa, Sungusungu iliyozaliwa Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilipambana na wizi wa ng'ombe. Ng'ombe ana alama na anaacha nyayo. Paneli ya sola haina nyayo. Ndiyo maana tunapendekeza kila mali igongwe namba ya nyumba kutoka anwani za makazi pamoja na postikodi: kwenye fremu ya alumini ya paneli, si kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma, kwenye ganda la betri kwa chuma cha moto, na nondo zipakwe mstari wa rangi ya mafuta kila nusu mita, kwa kuwa zitakatwa.

Mnunuzi ndiye mzizi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311, inampa anayepokea mali ya wizi kifungo cha hadi miaka 10, na kifungu cha 294 kinampa anayevunja nyumba usiku hadi miaka 20. Hata hivyo kesi ya mnunuzi hufa kwa kukosa ushahidi wa kitu ni cha nani. Na mshukiwa tukimkamata, sheria inatutaka tumkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumpiga ni kosa, tena kunamuua shahidi pekee anayemjua mnunuzi.

Tunaomba mambo matatu. Kila mtaa upewe daftari lenye nafasi mbili za kuandika saa: kitu kilipoonekana mara ya mwisho na kilipogundulika hakipo, kwa kuwa wengi huandika saa waliyoamka. Kila kata ipate seti moja ya namba za kugonga. Na wanunuzi wa vyuma chakavu waandike jina, kitambulisho na uzito kwa kila muuzaji, daftari hilo likaguliwe na mkaguzi wa kata kila wiki.

Tunaomba kuwasilisha.